Mbegu Saba za Delphine

Orrin Tasker alisimama mbele ya mifuko ya udongo kwa muda mrefu, mpaka muuzaji akaacha kupanga ndoo zake akaja kumtazama. Mifuko ilikuwa imepangwa hadi karibu na dari, mmoja una picha ya volkano, mwingine una dubu aliyevaa miwani ya jua, na kila mmoja umeandikwa sifa zake kama mgombea wakati wa uchaguzi. Orrin alikuwa ameshika kofia mkononi na hasira kifuani. Miaka arobaini na moja alilima bangi juu ya vilima vya Humboldt, chini ya jua lisilolipiwa, na haikuwahi kumjia akilini kwamba siku moja angeingia dukani kununua udongo kama mtu anayenunua soksi.

"Mzee, unatafuta udongo au unausomea mtihani?" muuzaji aliuliza.

Huyu alikuwa Odete Medeiros, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana, binti wa wafuga ng'ombe wa kule bondeni. Hakuna aliyelima katika wilaya ile ambaye hakuwahi kukaripiwa naye walau mara moja.

"Natafuta udongo wa kupandia ndani," Orrin alisema, na maneno yenyewe yakamkera. "Mimea michache tu. Ndani ya nyumba."

"Ndiyo mara ya kwanza?"

"Ndani, mara ya kwanza. Nje nilianza wewe bado unanyonya."

Odete akacheka mpaka akashika rafu. "Basi wewe ndiye mwanafunzi wangu mbaya kuliko wote. Wanafunzi wazuri ni wale wasiojua kitu. Ninyi wazee wa vilimani mnaingia hapa mnajua kila kitu, halafu baada ya mwezi mnarudi na majani ya njano kwenye mfuko wa karatasi, mnaniuliza nimewauzia nini."

Orrin hakucheka. Siku nyingine angecheka, kwa maana alijua ni kweli. Lakini alikuwa na mbegu saba nyumbani, kwenye mlango wa friji, kando ya chupa ya haradali, na hizo mbegu saba ndizo zilizokuwa zimebaki duniani.

Zilikuwa mbegu za mkewe. Delphine aliichagua mbegu ile kwa miaka thelathini, msimu hadi msimu, akitupa hii na kubakiza ile, mpaka akapata mmea mfupi, mnene, wenye harufu ya maganda ya machungwa na mvua. Waliuita Mama Mkwe, kwa sababu kilevi chake kilikuja taratibu na kikishafika hakiondoki upesi. Hakumpa mtu. Watu walimwomba, walimbembeleza, mmoja alikuja na keki, na Delphine akala keki akamrudisha mikono mitupu. Halafu ukaja ule mwaka wa moto wa misitu, umeme ukakatika kwa majuma, jokofu la ghalani likageuka jiko, na mbegu zote zikaoza isipokuwa hizo saba zilizokuwa zimesahauliwa jikoni. Delphine alikusudia kuzipanda. Moyo wake ukasimama mwezi Machi uliofuata, akiwa ameinama juu ya miche ya nyanya.

Baada ya hapo bangi ya vilimani haikumlisha tena mtu. Serikali ilikuwa imeiruhusu, mashamba makubwa ya kusini yakaijaza nchi nzima bangi ya bei rahisi, na majirani wakashuka mmoja mmoja na malori yao. Orrin alishuka wa mwisho. Sasa alikuwa akiishi mjini Eureka, katika nyumba ya kuvutwa na gari ambayo haijavutwa popote kwa miaka thelathini, kwenye kiwanja cha nyumba nyingine za namna hiyo, mahali ambapo ukungu wa bahari hukaa juu ya mabati mpaka alasiri. Pale jua ni mgeni wa heshima. Ukitaka kuotesha kitu chochote zaidi ya kuvu, huna budi kununua taa.

Mbegu zilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Kila mwaka unaopita, mbegu hufa kidogo. Orrin alijua kwamba asipozipanda majira haya, atakuwa anahifadhi punje za mchanga.

"Chukua huu," Odete alisema, akipiga kofi mfuko usio na picha yoyote. "Mwepesi. Unaona hizi punje nyeupe kama bisi? Zinaufanya upumue. Ndani hakuna minyoo wa kukulimia wala mvua ya kukusafishia makosa. Na hauna mbolea nyingi. Mche ni mtoto mchanga, mzee wangu, humpi mtoto mchanga nyama choma."

"Udongo huo umekufa," Orrin alisema. "Hauna hata harufu."

"Ndiyo maana nakuuzia. Wewe nakuona usoni. Unawaza kwenda kuchimba udongo wako wa kule juu uje nao ndani. Usithubutu! Udongo wa nje una wenyewe, wadudu. Kule nje wana maadui zao, wanaliwa, mambo yanakwenda. Ndani ya hema la kuoteshea hakuna wa kuwala. Watakaa kama wapangaji wasiofukuzika."

Orrin akahamia kwenye taa. Hapo alikuwa mnyenyekevu kidogo, kwa sababu hakujua lolote. Odete alimwonyesha zile za bei rahisi zenye mwanga wa zambarau, akamwambia zitamfanya aumwe kichwa na chumba chake kionekane kama baa, kisha akamshushia taa moja bapa, nyeupe, ya LED, upana wa sinia.

"Hii inatosha mimea miwili, mitatu. Usiitundike mbali, mimea itarefuka na kukonda kwa kuitafuta, kama watoto wa shule. Usiitundike karibu, majani yataungua. Weka kiganja chako pale yalipo majani, uhesabu mpaka thelathini. Kikipata joto, inua taa. Saa kumi na nane za mwanga wakati wa kukua. Ukitaka maua, kumi na mbili kwa kumi na mbili, na giza liwe giza, bila kuchungulia."

"Jua lilikuwa linajipangia lenyewe," Orrin alisema.

"Basi lirudie. Limekuacha?"

Alinunua taa, hema dogo jeusi lenye kung'aa ndani, feni, na kifaa cha saa cha kuwashia na kuzimia taa. Mfuko wa udongo aliuacha pale pale. Odete alimtazama akitoka, akatikisa kichwa, lakini hakusema neno. Kwa jinsi alivyokuwa, kunyamaza kwake kulikuwa tusi.

Kesho yake Orrin alipanda mlimani. Mwendo wa saa mbili, lami kwanza, kisha kokoto, kisha matope. Waliolinunua shamba lake hawakuwa wamekuja hata mara moja baada ya ile ya kwanza, walikuwa watu wa mbali walionunua kwa kutazama picha, na getini kulikuwa na mnyororo. Aliuruka kwa shida, mguu wa kushoto ukigoma, ndoo mbili mkononi. Nyumba ilikuwa imefungwa. Mtu alikuwa ameng'oa sinki. Matuta ya Delphine yalikuwa yamejaa mbigili hadi kiunoni, ila chini ya mbigili udongo ulikuwa ule ule, mweusi, unashikana na kuachia, umelishwa maganda ya mayai na samadi ya mbuzi na majani ya mwaloni kwa miaka thelathini. Aliushika, akaunusa.

Alikaa chini pale pale kwenye unyevu. Alikumbuka siku za madume, kila Agosti, walipokuwa wakipita tuta kwa tuta. Bangi ina mimea dume na mimea jike, na dume moja likipasuka na kumwaga chavua linatosha kujaza mbegu kwenye maua ya kilima kizima yasiuzike, na majirani hawatakusalimia mwaka mzima. Kwa hiyo madume hung'olewa yakijulikana tu. Delphine alitangulia akichagua. Kila mwaka alibakiza dume moja au mawili kwa ajili ya mbegu, akayafunga kitambaa, akayahamishia kwenye banda la mbali kule kwenye tangi la maji. Orrin alifuata nyuma, akang'oa yote yasiyo na kitambaa. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Aling'oa upesi kuliko mtu yeyote vilimani pale, na watu walimtania kwamba hata usingizini mkono wake hung'oa.

Alijaza ndoo mbili akarudi mjini.

Mbegu alizikuna kidogo kwa karatasi ya msasa, jinsi alivyomwona mkewe akifanya kwa mbegu za zamani, akazilowesha maji kwenye kikombe cha chai. Siku ya tatu hakuna. Siku ya sita hakuna. Siku ya tisa, mbili zilikuwa zimepasuka, kila moja imetoa ulimi mweupe mdogo. Tano zilizobaki alizisubiri juma zima zaidi, kisha akazibonyeza kwa kidole na zikawa maji matupu.

Mbili. Alizipanda zote mbili kwenye udongo wa mlimani. Kuna wakati alifikiria kuweka moja kwenye udongo wa dukani, ili baya likiipata moja lisiipate nyingine, na kama angekuwa analima kitu cha mtu mwingine angefanya hivyo bila kusita. Lakini aliona ni kama kumpeleka mmoja kwa ndugu na mwingine kituo cha yatima. Hayo ni mawazo ya mtu anayekaa peke yake sana.

Miche ikatoka. Alitundika taa, akaweka kiganja, akahesabu thelathini. Chumba kile, kilichokuwa kimekusudiwa mashine ya kufulia, kikawa mahali penye mwanga kuliko pote nyumbani, na Orrin akahamishia kiti chake pale. Alikula maharage yake ya kopo mbele ya hema, zipu ikiwa wazi. Alisoma gazeti pale. Aliiambia miche habari za mvua, kwamba jirani wa namba tisa amenunua mbwa mwingine asiyeacha kubweka, kwamba goti limemuuma tena. Zamani aliwacheka watu wanaoongea na mimea. Delphine hakuongea nayo, aliigombeza, na hilo aliliona tofauti.

Jumapili binti yake alipiga simu kutoka Sacramento, kama kila Jumapili. Larkin alikuwa na miaka thelathini na nane na alifanya kazi katika kliniki ya meno.

"Unakula, baba?"

"Nakula. Zimeota mbili."

"Za mama?"

"Za mama yako. Zikikua nitakupa. Utakuwa nazo wewe, baada yangu. Hata ukiziweka tu kwenye friji."

"Baba, mimi sizitaki."

"Sijasema uvute. Nasema utunze."

"Najua ulichosema." Sauti yake haikuwa na ukali, na hilo ndilo lililomuumiza. "Mimi nilikua nikilala chini ya meza kila helikopta ya polisi ikipita. Nilikuwa na miaka sita, najua kudanganya mwalimu baba anafanya kazi gani. Ninyi mnakumbuka harufu ya machungwa. Mimi nakumbuka meza. Usiniletee, tafadhali."

"Sawa, mwanangu."

"Umenikasirikia?"

"Hapana," alisema, na ilikuwa kweli. Alikuwa na huzuni tu. Alikata simu akarudi kwenye kiti chake, na siku hiyo hakuiambia miche kitu.

Juma la nne akaona vinzi vidogo vyeusi vikitembea juu ya udongo kama wenye nyumba. Alivipuuza. Mlimani kila kitu kina vinzi. Juma la tano mche wa kulia ukaanza kuinamisha majani wakati udongo una maji ya kutosha, na yeye, kwa kuzoea jua, akadhani una kiu, akauongezea. Siku mbili baadaye ulikuwa umelala. Aliuchomoa kwenye chungu ili aone, na mizizi ilikuwa imeliwa, imejaa vidukari vyeupe vidogo vilivyotapakaa kama unga.

Alikaa na ile mizizi mkononi. Kisha akapiga simu dukani.

"Nisemee tena yale uliyosema," aliomba.

"Yapi? Nimesema mengi."

"Ya wapangaji."

Odete alivuta pumzi. Angeweza kumchoma kwa maneno, na Orrin alikuwa amejiandaa kuchomwa. "Umebakiwa na mingapi?"

"Mmoja."

"Mmea huo una thamani?"

"Ni wa mke wangu. Hakuna mwingine popote."

"Basi sikiliza. Utoe sasa hivi. Osha mizizi kwa maji ya uvuguvugu, polepole, mpaka isibaki chembe ya udongo. Hata chembe moja, mzee, usinifanyie mambo ya kumbukumbu. Osha chungu, osha hema, osha kucha zako. Udongo ule wote utoke nje ya nyumba. Nakuja na ule mfuko usio na picha."

Alikuja kweli, akauacha mlangoni, hakutaka kuingia kwa sababu alikuwa na mmea wake nyumbani na wadudu hupanda nguo. Walisalimiana kupitia dirishani kama wagonjwa. Orrin aliosha mizizi ya Mama Mkwe kwenye beseni la vyombo, na maji yakawa meusi, akayamwaga, yakawa meusi tena. Miaka thelathini ya Delphine ikaenda na bomba. Kilichobaki kwenye ndoo zote mbili alikibeba hadi kwenye pipa la taka la kiwanja, akakimwaga juu ya katoni za piza, na hakuthubutu kubakiza hata kiganja.

Mmea uliumwa siku kumi, kisha ukakubali. Katika ule udongo usio na harufu ulirefuka, ukanenepa, ukatoa majani mapana yaliyojikunja nchani vile vile kama ya zamani, na siku moja Orrin aliposugua shina kwa kidole akasikia harufu ya maganda ya machungwa. Alilia bila aibu, kwa sauti. Mbwa wa namba tisa akabweka.

Odete alizoea kupiga simu kila baada ya siku chache. Alidai anauliza habari za taa.

"Umefikiria ukiwa dume?" aliuliza mara moja.

"Hautakuwa dume."

"Umeongea nao?"

"Ukiwa jike nitakata vipandikizi, nitakuwa nao mpaka nife. Hautakuwa dume."

Mwezi Mei akaigeuza saa ya taa. Saa kumi na mbili za mwanga, tangu asubuhi hadi jioni, na saa kumi na mbili za giza. Hapo ndipo mmea husema ni nini. Siku zile alikuwa mtiifu kama mtoto wa komunyo. Taa ikizimika alifunga zipu, akaondoka kwenye chumba, akakaa sebuleni bila la kufanya. Nyumba ilimwelemea. Alijikuta akilala mapema ili asubuhi ije.

Siku ya kumi na moja taa iliwaka, akafungua zipu, kikombe cha kahawa mkono wa kushoto, usingizi haujamtoka vizuri. Akavaa miwani akainama. Kwenye kifundo, pale jani linapoachana na shina, palikuwa na vipira viwili vya kijani, vimening'inia kwenye vikonyo vyake. Havikuwa na ule unywele mweupe wa jike. Ulikuwa dume.

Na mkono wake ukang'oa.

Haukumuuliza. Ulishuka, ukashika shina chini kabisa, ukazungusha kidogo kama ulivyozungusha mara elfu nyingi, ukavuta, na mmea ukatoka na mizizi yake yote kwa sauti ya kitambaa kinachochanika. Misimu arobaini na moja ilikuwa kwenye mkono ule. Kahawa haikumwagika hata tone. Orrin alikuwa amekwisha kugeuka kuutafuta mlango autupe nje alipoona alichokishika.

"La," alisema. "La, la, la."

Aliurudisha kwenye chungu, akashindilia udongo kwa vidole vyote kumi, akaumwagilia, akaushika usimame kama mtu anavyomshika mlevi. Shina lilikuwa limepondeka pale alipozungusha. Kufikia mchana majani yote yalikuwa yamenywea. Hakuna aliyemfungia kitambaa, hakuna aliyemtangulia kwenye tuta kumwambia huyu mwache, na yeye kichwani mwake hakuwahi kuwa mchaguaji. Alijitukana kwa majina yote aliyoyajua, kisha akaishiwa majina.

Alichokumbuka baadaye kilitokana na hofu kuliko akili. Tawi la dume likikatwa likawekwa kwenye maji, huendelea siku kadhaa kama ua la mezani, na vipira hupasuka, na chavua humwagika. Delphine alilaani wazembe waliotupa madume kando ya njia kwa sababu hiyo hiyo. Orrin akakata matawi matatu yaliyo juu ya pale palipopondeka, akayaweka kwenye gilasi, akairudisha gilasi chini ya taa na karatasi nyeupe chini yake.

Sasa alihitaji jike. Hakuwa na jike. Hakukuwa na jike wa Mama Mkwe popote, na kama kulikuwa na kitu chochote cha kuokoa, kingeokolewa kwenye mmea wa mtu mwingine.

Alitoa daftari la simu. Namba mbili za kwanza hazikuwepo tena. Ya tatu ilipokelewa na mjane aliyemwambia mumewe amefariki wakati wa Krismasi, hukujua? Hakujua. Wa nne alikuwa amehamia jimbo lingine, anauza mashine za kukatia nyasi. Wa tano, Thad Kessler, waliyeshirikiana naye bomba la maji kwa miaka ishirini, alicheka mpaka akakohoa.

"Unataka kuniletea chavua? Orrin, nimekukosea nini?"

"Tawi moja tu, Thad. La chini."

"Leo tawi moja, kesho shamba zima lina mbegu. Ningekuwa nakuletea kiberiti kwenye ghala la nyasi ungenifungulia?" Kisha sauti yake ikashuka. "Na zaidi ya hapo, Delphine angenikata kichwa. Mimi si ndiye niliyemletea keki?"

Orrin alioga, akavaa nguo safi zilizokuwa ndani ya mfuko uliofungwa, akaendesha gari hadi dukani bila kupita kwenye kile chumba. Hakuingia. Alisimama kwenye maegesho, ukungu ukimlowesha nyusi, mpaka Odete akamwona kupitia kioo akatoka, akasimama hatua tano kutoka kwake.

"Ulikuwa dume," Odete alisema.

"Nimeung'oa."

"Umefanya nini?"

"Mkono. Nilipoona tu." Alinyoosha kiganja chake cha kulia kana kwamba mwenye kosa yuko pale wamwone. "Nina matawi matatu kwenye maji. Yanapasuka kesho au keshokutwa."

Odete hakumkaripia. Alijifuta mikono kwenye aproni. "Wangu uko juma la tatu la maua," alisema. "Uko kabatini, bafuni. Nilipewa kipandikizi na mpwa wangu, hata jina sijui, hauna ukoo wala adabu, lakini ni jike. Nitakupa tawi moja la chini. Moja. Tutalifunika kwa mfuko, utapaka kwa brashi ya rangi, feni nikiwa nimezima. Utakuja umeoga. Ukinijazia mbegu mmea mzima nitakuzika kwenye mfuko wa dubu."

"Mbegu zitakuwa nusu tu ya Mama Mkwe," Orrin alisema.

"Nusu, ndiyo. Na nusu ya kabatini kwangu. Ndicho kilichopo, mzee wangu."

Lori lilipita barabarani, kisha jingine. Kidogo kidogo Orrin akatambua kwamba anasubiri. Maisha yake yote ya utu uzima, kila jambo la mbegu alilipeleka jikoni, na Delphine, bila kugeuka, alisema ndiyo au alisema hapana. Kwa hili angesema hapana. Angeisema kabla yeye hajamaliza kueleza, kwa ile sauti ya kukata karoti: afadhali ife ikiwa yenyewe. Orrin alikuwa anaisubiri hapana hiyo. Aliisubiri kwa dhati, kichwa kimeinama upande, mpaka maji ya ukungu yakamtiririka shingoni.

"Mzee," Odete aliita, kwa upole asioujua mtu yeyote wilayani pale. "Utakuja au huji?"

"Nitakuja," alisema.

Sauti yake mwenyewe ikamshtua. Siku ya mazishi hakuwa mpweke namna hii. Siku ile kulikuwa bado na gauni alilolichagua Delphine, na wimbo alioutaka Delphine, na mahali pa kaburi alipokuwa ameshapaonyesha kwa kidole. Orrin alifanya kuitika tu. Leo alikuwa ameamua jambo ambalo mkewe asingelikubali kamwe, na hapakuwa na mtu wa kumkatalia.